Privilegiumu: hati inayobeba koloni zima

Ukitaja Wamennonite mbele ya mtu wa Musoma au Shirati, atakumbuka KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania) na hospitali, kazi iliyoanza mwaka 1934 kwa mikono ya wamisionari kutoka Pennsylvania. Lakini wako Wamennonite wengine ambao wengi wetu hatujawahi kukutana nao: wakulima wa Mexico, Bolivia, Belize na Paraguay, wanaoishi katika makoloni yao, yaani makazi yao ya pamoja ya wakulima, na kuzungumza Plautdietsch, Kijerumani cha nyanda za kaskazini walichokibeba kizazi hadi kizazi. Ukitaka kuwaelewa hao, anza na neno Privilegiumu.

Privilegiumu ni hati ya ahadi kutoka kwa serikali. Kabla watu hawajafunga mizigo, wajumbe wao huenda kumwona mtawala wa nchi wanayoitamani na kumweleza masharti yao. Wakirudi na ahadi ya maandishi, safari ipo. Wasipoipata, wanatafuta nchi nyingine.

Masharti yenyewe hayabadiliki sana. Vijana wasichukuliwe jeshini. Mtu asilazimishwe kula kiapo, kwa sababu Yesu alisema, "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Waabudu watakavyo, na shule ziwe mikononi mwao, kwa lugha yao na walimu wao.

Kwangu mimi, moyo wa hati hii ni hilo la shule. Menno Simons, padre wa Friesland nchini Uholanzi aliyeuacha Ukatoliki mwaka 1536, na ambaye Wamennonite huitwa kwa jina lake, alifundisha kwamba mtoto mchanga habatizwi; hubatizwa mtu aliyekwisha kukua na kuikiri imani kwa kinywa chake. Hakuna anayezaliwa Mmennonite kamili. Kila kizazi lazima kiamue upya, na mtoto aliyefundishwa na wageni huenda akaamua vingine. Ndiyo maana katika makoloni ya kimapokeo mtoto husoma kitabu cha alfabeti, kisha katekisimu, kisha Agano Jipya, mwisho Biblia nzima, vyote kwa Kijerumani sanifu cha kanisani. Akifika miaka 12 au 13 anaacha darasa na kwenda shambani, zizini au jikoni.

Historia yao ya kuhama ni historia ya ahadi hizi kutolewa na kuvunjika. Malkia Katarina wa Urusi aliwakaribisha, na mwaka 1789 wakaanza kulima Chortitza, katika Ukraine ya leo. Mwaka 1800 Tsar Paulo akawapa hati rasmi. Ilipofika miaka ya 1870, Urusi ikataka kila kijana aitumikie dola, na karibu theluthi moja yao wakavuka bahari. Wengine walikwenda Kanada, ambako serikali kuu iliwaahidi kwa barua ya mwaka 1873 kwamba wangesomesha watoto wao wenyewe. Kumbe elimu ilikuwa mamlaka ya majimbo! Mwaka 1916 jimbo la Manitoba likaamuru shule za Kiingereza, wazazi waliogoma wakatozwa faini, na mahakama ikasema serikali kuu iliahidi kitu isichokuwa nacho.

Wakaenda Mexico. Rais Álvaro Obregón aliwaandikia barua Februari 1921, na Machi 1922 garimoshi la kwanza likawashusha katika nyanda kavu za Chihuahua, karibu na mji unaoitwa sasa Cuauhtémoc. Barua ile ilikuwa neno la rais mmoja, nayo ilitikiswa katikati ya miaka ya 1930 shule zao zilipofungwa kwa muda. Paraguay ilikwenda mbali zaidi: Julai mwaka huohuo wa 1921 bunge lake lilipitisha Sheria namba 514, na kwa nguvu ya sheria hiyo koloni la Menno likaanzishwa Chaco, nyanda kame za magharibi mwa nchi hiyo, mwaka 1927.

Hata hivyo, hati humzuia afisa wa serikali, haizuii kinachoingia kupitia duka la vipuri. Katika makoloni yanayoshika mapokeo ya kale, trekta hukubaliwa lakini magurudumu yawe ya chuma, kwa sababu lenye matairi ya mpira kijana angelipanda mpaka mjini. Matairi ya mpira, magari na umeme vilipozidi Chihuahua, na ardhi ikapungua, familia nyingi zilihamia Bolivia kuanzia mwaka 1967. Serikali ya Mexico haikuwa imewafukuza.

Naiheshimu imani iliyokubali kupoteza shamba mara kwa mara badala ya kushika bunduki. Lakini ukuta unaomzuia askari asiingie humzuia pia aliyeumizwa asitoke. Katika koloni la Manitoba, Bolivia, wanawake na wasichana walipuliziwa dawa ya usingizi na kubakwa usiku kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2009. Wengi wao hawakujua Kihispania, na wa kumlalamikia walikuwa wazee wa koloni tu. Hatimaye wazee haohao waliwakabidhi watuhumiwa kwa polisi, na mwaka 2011 mahakama ya Santa Cruz ikawafunga wanaume saba miaka 25 kila mmoja. Koloni lililohama ili kuikwepa dola lilihitaji hakimu wa dola.