Habari za uponyaji katika Injili: dhana na ukweli

Wengi huamini kwamba Mathayo, Marko na Luka waliandika kila mmoja kivyake, hivyo wakilingana tuna mashahidi watatu.

Soma habari ya mwenye kupooza katika Marko 2, Mathayo 9 na Luka 5. Yesu anawaambia waandishi wa sheria kuhusu mamlaka ya kusamehe dhambi, na kabla sentensi haijakamilika msimulizi anaingilia: akamwambia yule aliyepooza. Ndipo Yesu anasema, inuka. Mkatizo huo uko mahali palepale katika Injili zote tatu. Watu watatu wanaweza kukumbuka maneno yaleyale, lakini kumkatiza msemaji pale pale ni kazi ya kalamu iliyosoma maandishi. Wataalamu wengi wanaona Marko alitangulia, yapata mwaka 70. Luka mwenyewe anafungua kwa kusema wengi walishaandika kabla yake.

Je, walinakili tu? Hapana, na hapa ndipo utamu ulipo. Kwa Marko, waliombeba mgonjwa wanatoboa paa ili wamteremshe kwa Yesu. Kwa Luka, mgonjwa anapitishwa kwenye vigae. Mathayo ameondoa paa lote, ila amebakiza kwamba Yesu “aliiona imani yao”, ingawa hatuambiwi walifanya nini zaidi ya kumbeba mtu wao.

Wengine husema Luka, kwa kuwa alikuwa tabibu, aliwakingia kifua matabibu wenzake: Marko anasema mwanamke mwenye kutokwa na damu aliteswa na matabibu wengi, akazidi kuwa mbaya, na Luka hayasemi hayo. Lakini Mathayo hawataji matabibu kabisa! Habari hiyo, pamoja na ya kufufuliwa kwa binti Yairo inayoizunguka, ina aya 23 kwa Marko na 9 tu kwake. Kufupisha ndiyo desturi yake.

Tena hudhaniwa kwamba akida (ofisa wa jeshi) wa Kapernaumu, aliyeomba mtumishi wake aponywe, alimwambia Yesu ana kwa ana kwamba hastahili aingie kwake, maneno ambayo Wakatoliki huyaitikia katika Misa kabla ya komunyo. Kwa Mathayo ndivyo. Kwa Luka akida hafiki: anatuma wazee wa Wayahudi, kisha rafiki zake, nao wanasema “sistahili” kwa niaba yake. Marko hana habari hii. Yohana 4 ina inayofanana nayo, ya ofisa wa mfalme na mwanawe, na kama ni tukio lilelile bado wataalamu wanabishana.