Ngazi ya ubabe bandani: mtazame kuku wa mwisho

Kila kundi la kuku lina ngazi yake. Kuku wa juu humdonoa yeyote amtakaye, wa pili huwadonoa wote isipokuwa huyo mmoja, na mambo hushuka hivyo hadi kwa yule anayedonolewa na wote, naye hana wa kumdonoa. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei, aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alieleza mpangilio huu kisayansi mwaka 1921. Alionyesha pia kwamba ngazi si lazima inyooke: kuku wa kwanza anaweza kumshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, kisha huyo wa tatu akamtimua wa kwanza. Kila wawili humalizana wenyewe.

Ngazi hiyo ndiyo inayoleta amani. Wakishajuana, kuku hawapigani kwa kila punje inayodondoka. Simama karibu na chombo cha chakula utazame: mkubwa anafika, anainua shingo na kumkazia macho aliye mbele yake, mdogo anainamisha kichwa, anakigeuzia pembeni na kusogea hatua mbili. Basi, yamekwisha, na hakuna hata unyoya uliong'oka. Kwa hiyo mimi sipimi afya ya kundi kwa kuhesabu midonoo. Namtazama kuku wa mwisho: anakula akashiba? Anakunywa? Ana pa kulala? Ana pa kukimbilia? Akiwa navyo vyote vinne, waache waendeshe mambo yao.

Kumpima ni rahisi. Kuku wakishapanda kulala, mpapase kifuani, chini kidogo ya shingo, upande wa kulia. Mfuko wa chakula wa kuku aliyeshiba huwa umetuna. Ukiukuta mtupu saa hiyo, ama anazuiwa chakula ama anaumwa, na mara nyingi hayo mawili huandamana, kwa kuwa kuku anayeumwa huporomoka ngazi upesi. Tetea aliyekuwa juu akianza ghafla kudonolewa na wadogo zake, usiwalaumu wadogo. Mkamate umchunguze utitiri, minyoo, kuharisha na yai lililokwama.

Cheo hutokana na mambo mengi kwa pamoja: umri, uzito, ukali wa asili, mapambano aliyokwisha kushinda, na ukubwa wa upanga wa kichwani. Upanga mkubwa mwekundu huenda na homoni zilizo juu, na kuku wenzake huusoma. Ndiyo maana tetea anayenyonyoka manyoya, ambaye upanga wake umesinyaa, anaweza kupoteza nafasi yake kwa muda. Kuku hutambuana hasa kwa kichwa na shingo, kwa hiyo jeraha la upanga au dawa ya rangi iliyopakwa kichwani yatosha kumfanya mwenyeji aonekane mgeni.

Majogoo wana ngazi yao na matetea wana yao. Jogoo mmoja mtulivu kwa matetea 8 hadi 10 mara nyingi hupunguza ugomvi wa majike. Majogoo wawili kwenye matetea wanne watawachubua migongo.

Nafasi huamua mengi kuliko tabia

Kuku akidonolewa hutaka kuondoka. Akikosa pa kwenda, mdonoo mmoja huwa kumi, kwa sababu mkubwa humwona bado amesimama pale pale. Ndani ya banda usizidishe kuku 4 kwa mita moja ya mraba, na uwanja wa nje uwe mkubwa kadiri uwezavyo. Chombo kirefu cha chakula kiwe na sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku. Fito za kulalia zitoe sentimita 20 kwa kila mmoja na ziwe za kimo kimoja. Zikipishana, wote watagombea ya juu. Kiota kimoja kinatosha matetea 4 au 5.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mahali vyombo vinapowekwa. Vyombo viwili vikikaa bega kwa bega, kuku mmoja mkali huvitawala vyote. Weka cha pili mahali ambapo aliye kwenye cha kwanza hawezi kukiona, nyuma ya ubao au kichaka. Fanya hivyo hivyo kwa maji. Kisha epuka pembe zisizo na njia ya pili: ubao ulioegemezwa ukutani uwe wazi pande zote mbili, kuku aingie huku atokee kule.

Kuingiza wageni

Hapa ndipo damu nyingi humwagika. Mgeni mmoja akitupwa mchana katikati ya kundi hupigwa na wote, mmoja baada ya mwingine. Ingiza wawili au watatu wanaojuana, na wawe wamekaribia kulingana na wenyeji kwa ukubwa. Kwanza watenge mbali kabisa kwa siku 30 kwa ajili ya magonjwa. Halafu wahamishie kando ya wenyeji, wavu ukiwa katikati, waonane bila kugusana kwa siku 7 hadi 10, huku chakula cha pande zote mbili kikiwekwa karibu na wavu. Baada ya hapo wachanganye uwanjani saa za jioni ukiwepo, wakiwa na mboga za kuning'inizwa za kuwashughulisha.

Kuwapandisha kwenye fito usiku kunasaidia kidogo tu. Asubuhi kuku wanaona vizuri sana. Tarajia kufukuzana na kurukiana kwa siku kadhaa. Usiwaamue kila wanapogusana, maana pambano lililokatizwa halina mshindi, nalo litaanza upya. Ingilia mmoja akibanwa chini asiachwe kuinuka, au damu ikionekana. Na mwenyeji uliyemtoa kwa wiki mbili au tatu, labda kwa matibabu, mrudishe kwa kupitia wavuni, kwani anaweza kupokewa kama mgeni.

Si kila mdonoo ni ubabe

Mdonoo wa cheo hulenga kichwa, upanga na shingo, ni wa haraka, na anayedonolewa hukimbia. Ukiona kuku amesimama kwa utulivu akimng'oa mwenzake manyoya ya mgongoni, mkiani au karibu na tundu la haja, hilo ni tatizo jingine, na ngazi haitalitatua. Chanzo huwa msongamano, joto, mwanga mkali, uchovu wa kukosa cha kuparua, utitiri, au chakula chenye upungufu. Kuku wa mayai anahitaji protini asilimia 16 hadi 18, na chumvi isikosekane. Ukimchanganyia pumba tupu na punje ili kubana gharama, ataitafuta protini kwenye manyoya ya wenzake.

Damu ikitoka, mtoe aliyejeruhiwa papo hapo, kwa sababu rangi nyekundu huwavuta hata wapole. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, mweke karibu aendelee kuwaona wenzake, na usimrudishe mpaka ngozi ifunge.

Mbabe aliyepita kiasi, yule anayemfukuza mwenzake uwanja mzima hata baada ya kusalimu amri, mtoe yeye badala ya kumficha anayeonewa. Mtenge siku 3 hadi 7 mahali asipowaona wenzake. Ngazi itajipanga bila yeye, na akirudi atalazimika kuanza upya. Ukifanya hivyo mara mbili bila mabadiliko, na nafasi na chakula vikiwa sawa, mhamishie kwenye kundi lenye kuku wakubwa kumzidi.