Nani Alilipia Kazi Hii? Swali Linalosahauliwa Katika Ukaguzi wa Viwanda

Saa kumi na mbili asubuhi, Barabara ya Lunga Lunga jijini Nairobi huwa imeshajaa watu wanaotoka mtaa wa Mukuru kwa miguu kuelekea Eneo la Viwandani. Mbele ya mageti, vibarua husimama wakingoja msimamizi atoke achague wa siku hiyo. Ukiuliza kwa nini fulani huchaguliwa kila mara na mwenzake hurudi nyumbani mikono mitupu, utaambiwa bila kufichwa: yule alitoa kitu. Kama kitu chenyewe ni shilingi 200 za chai, hiyo ni hongo na sote tunaijua. Lakini tuseme ni shilingi 15,000 alizokopeshwa na wakala aliyemtoa kijijini, anazokatwa kila wiki bila kuonyeshwa hesabu, na kitambulisho chake anakaa nacho wakala huyo huyo “kisije kikapotea”. Hapo tumeingia katika jambo jingine kabisa: utumwa wa kisasa.

Utumwa wa minyororo ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mtumwa wa leo ana simu mfukoni na huenda hata ana namba ya M-Pesa. Kinachomfunga ni deni, vitisho, au karatasi zake kushikwa na mtu mwingine. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1930, unaieleza kazi ya shuruti kuwa kazi anayodaiwa mtu kwa tishio la adhabu, ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. ILO na washirika wake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika hali hiyo duniani, wengi wao katika biashara za kibinafsi. Mshahara duni peke yake hautoshi kuitwa utumwa, ingawa unaweza kuwa kosa la jinai. Neno hili likirushwa ovyo hupoteza makali. Mimi huanza na swali hili: mtu huyu akiamua kuacha kazi leo, atapatwa na nini?

Sheria hatukukosa. Kifungu cha 30 cha Katiba kinakataza utumwa na kazi ya shuruti. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inamzuia mwajiri kukata mshahara kama malipo ya kumpa mtu kazi au kumbakisha kazini.

Ila kinachowaamsha wakurugenzi wengi wa kampuni za Nairobi ni barua kutoka ng'ambo. Tangu 2015 Uingereza inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zitoe taarifa ya hatua zilizochukua dhidi ya utumwa wa kisasa. (Sheria hiyo inairuhusu kampuni kutangaza kwamba haikuchukua hatua yoyote, na bado ikawa imetimiza wajibu wake. Wanasheria nao wana ucheshi wao.) Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: kuanzia Desemba 14, 2027, bidhaa iliyotengenezwa kwa kazi ya shuruti itapigwa marufuku katika soko lake. Kwa hiyo mwenye kufungasha mishiri (maharagwe mabichi ya kijani) ya Mwea au maua ya Naivasha anatumiwa na mnunuzi wake wa ng'ambo fomu ya maswali ya kurasa nyingi, anaweka alama ya “ndiyo” kila mahali, na kuirudisha.

Fomu hiyo haimwokoi mtu. Ukaguzi pia, kama tulivyouzoea, haufiki mbali. Mnamo Septemba 2012 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi na kuua watu zaidi ya 250, wiki chache tu baada ya kiwanda hicho kupewa cheti cha kimataifa cha viwango vya kazi. Mkaguzi huja kwa miadi. Hupewa soda, huonyeshwa faili, kisha huwahoji wafanyakazi ndani ya ofisi ya meneja. Nani atasema ukweli pale? Kampuni zilizo makini huwatuma watu wao mitaani siku ya Jumapili, wakae na wafanyakazi mahali wanapopanga, wazungumze lugha yao. Tena hawaishii kwa wale walioajiriwa na kiwanda chenyewe. Huwatafuta wapakiaji, walinzi na wasafishaji walioletwa na mkandarasi, kwa sababu majina yao mara nyingi hayamo kwenye orodha ya mishahara anayoonyeshwa mkaguzi.

Na huko huuliza: ulilipa nini ili upate kazi hii, ulimlipa nani, na pesa ulizitoa wapi? Malaysia ilionyesha uzito wa swali hilo. Marekani ilizuia glavu za Top Glove, kampuni ya Malaysia, kuingia nchini mwake kuanzia Julai 2020, na miongoni mwa dalili za shuruti kulikuwa na madeni ambayo wafanyakazi wahamiaji waliyaingia kulipa mawakala. Kampuni iliwarudishia wafanyakazi zaidi ya ringgit milioni 130 (sarafu ya Malaysia), na zuio likaondolewa Septemba 2021. Kanuni iliyo nyuma ya malipo hayo ni nyepesi kuielewa: gharama ya kumtafuta mfanyakazi ni ya mwajiri.

Hapa kwetu ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri, maana unaonyesha tarehe, kiasi na aliyepokea. Kumlipa mfanyakazi moja kwa moja kwenye simu nako kunampunguzia wakala nafasi ya kukata fungu lake. Lakini hakikisha laini imesajiliwa kwa jina la mfanyakazi na kadi anayo yeye, la sivyo umemrahisishia wakala kazi.

Jambo ambalo wanunuzi hawapendi kusikia ni mchango wao wenyewe. Oda ya maua ya Februari 14 ikiongezwa siku tatu kabla ya ndege kuondoka, kwa bei ile ile, mikono ya ziada itatoka wapi? Kwa wakala. Atakuja na watu usiku huo huo, na hakuna atakayekuwa na muda wa kuuliza walifikaje. Anayelipa ankara baada ya siku 90 naye anamsukuma msambazaji kuchelewesha mishahara. Mnunuzi mwenye nia angebadilisha ratiba na bei kabla ya kutuma mkaguzi mwingine.

Na shuruti ikigunduliwa? Wengi hukimbilia kuvunja mkataba na msambazaji, jina la kampuni lisije likachafuka. Kibarua hubaki na deni lile lile, sasa bila kazi. Anza na kitambulisho: kirudi mikononi mwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Kisha deni lifutwe, makato yarudishwe, na mashtaka yafunguliwe. Akiwa ni mtoto, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, kabla ya kumfukuza getini. Wakala anajua barabara anayopita mtoto huyo kurudi nyumbani.