"UTI sugu" na majina mengine tunayojipachika kabla ya kupima

Dirisha la maabara ninapofanyia kazi, huku Temeke, linaanza kupokea vikopo vya mkojo saa moja asubuhi. Wengi wanaovileta wameshajipa jina la ugonjwa tangu nyumbani. "Dokta, nina UTI sugu, nipime tu nijue imefika asilimia ngapi." Mimi si dokta, na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, haina asilimia, lakini foleni ni ndefu.

Wiki iliyopita dada mmoja alifungua mkoba akanimwagia kaunta nzima: antibayotiki za Flagyl nusu pakiti, pakiti tupu ya Azuma, doksi, na vidonge viwili vya fangasi. Miezi miwili anawashwa sehemu za siri. Kila duka la dawa alilopita alipewa kitu, na hakuna mtu aliyewahi kumwangalia. Nitamrudia.

"Mkojo ukichoma ni UTI."

Inaweza kuwa UTI. Lakini gono nayo huchoma, klamidia nayo, zote za zinaa, na vidonda vya malengelenge ya sehemu za siri huchoma mkojo ukivigusa tu. Kile kijiti tunachochovya kwenye mkojo huonyesha kama kuna seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, hakisemi zimetoka wapi. Kwa mwanamke, seli hizo zinaweza kuwa zimeteremka na majimaji ya ukeni zikaingia kwenye kikopo. Mtu anaandikiwa UTI, anameza dawa, hapati nafuu, na ndipo UTI inapopewa cheo cha "sugu". Hapo dawa ya tatu haisaidii kitu. Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria wake wakuzwe maabara. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, lakini yanataja bakteria na dawa inayomuua.

Jambo ambalo watu hawaambiwi dirishani ni jinsi ya kukinga huo mkojo. Kwa UTI, jisafishe, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati. Kwa kipimo cha klamidia na gono ni kinyume chake: tunataka ule wa mwanzo kabisa, na uwe hujakojoa kwa angalau saa moja. Kikopo ni kilekile, ila ukikosea mkojo, majibu yanaweza kukudanganya.

"UTI niliipata chooni."

Vyoo vya stendi ni vichafu, sibishi. Ila bakteria anayeongoza kwa kuleta UTI ni E. coli, na kwa kawaida anatoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe.

"Muwasho na uchafu mweupe ni fangasi, sina haja ya kupima."

Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapima wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa ya fangasi dukani. Karibu theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Sidhani kama huku kwetu tunabahatisha vizuri kuwashinda wao.

Fangasi kwa kawaida huleta uchafu mzito kama maziwa mgando, na huwasha sana. Uchafu mwepesi wa kijivu wenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo, unaelekea kuwa bakteria wa ukeni waliovurugika uwiano, na dawa ya fangasi haiwagusi. Kipimo cha tindikali (pH, ambayo namba yake ikipanda tindikali imepungua) husaidia kuwatenganisha: uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5, fangasi huuacha humohumo, bakteria hao huupandisha juu ya 4.5. Kisha kuna trikomonasi, mdudu wa zinaa anayeweza kuleta uchafu wa kijani au njano. Huyu tunamtambua kwenye hadubini kwa sababu anaogelea. Sampuli ikikaa wakati mpimaji ameenda kunywa chai, mdudu ameshatulia na majibu yanatoka "hakuna". Hata ukiwahi, hadubini humkosa mara nyingi. Ndiyo maana majibu safi na dalili zinazoendelea ni sababu ya kurudi, si ya kukata tamaa.

Na si kila uteute ni ugonjwa. Ute hubadilika na siku za mwezi.

"Nameza kwanza, ikishindikana ndiyo napima."

Dozi iliyokatizwa huficha vimelea bila kuwamaliza, na kidonge cha ukeni ulichoweka jana usiku hutuharibia sampuli ya leo. Gono imeshaizoea antibayotiki ya ciprofloxacin sehemu nyingi duniani, na sasa hutibiwa kwa sindano ya ceftriaxone. Kama umeshameza, usione aibu. Njoo na pakiti zako kama yule dada.

"Aliyenitibu bila kipimo ni mbabaishaji."

Hapa nawatetea wenzangu. Kutibu kwa kufuata dalili ni utaratibu rasmi, na moja ya ushahidi wake mkubwa umetoka hapahapa Tanzania. Kule Mwanza, kati ya 1991 na 1994, kuboresha matibabu ya aina hiyo kwa magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kwa mwanaume anayetoka usaha, njia hiyo inafanya kazi vizuri. Kwa mwanamke mwenye uchafu ukeni ni dhaifu, kwa hiyo yeye ndiye hasa wa kuomba apimwe.

"Kidonda kimepona chenyewe, na hakikuuma."

Hicho ndicho cha kuogopa. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na hufunga chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6 huku ugonjwa ukibaki mwilini. Si tego la mume wa mtu. Damu ikipimwa mapema mno inaweza kuonekana safi, kwa hiyo rudia.

"Damu baada ya tendo ni ugonjwa wa zinaa tu."

Kama ulikulia Pwani au Kanda ya Ziwa ukioga mtoni na kwenye mabwawa, mwambie daktari. Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama kwenye mlango wa kizazi na kuleta damu, maumivu na uchafu, na dawa yake ni praziquantel, si antibayotiki. Vilevile omba uchunguzwe saratani ya mlango wa kizazi.

"Nikiwashwa lazima kuna mdudu."

Yule dada alichukuliwa sampuli. Hadubini haikuonyesha fangasi wala trikomonasi, na tindikali ilikuwa kawaida. Nesi aliyemwangalia alikuta ngozi imechubuka, akamuuliza anajisafishia nini. Sabuni ya maji ya kusafishia uke, kachupa ka waridi alikonunua mtandaoni, asubuhi na jioni. Alivyozidi kuwashwa ndivyo alivyozidi kuosha. Aliambiwa aache, aoge kwa maji matupu, arudi baada ya wiki mbili.

"Hamnipi dawa hata moja?" akauliza, akikusanya pakiti zake kaunta. Aliondoka amenuna.