Baada ya Mpira Kukupita: Namna ya Kumjenga Kijana wa Besiboli Ajiamini

Katika besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi anahesabiwa hodari. Ted Williams wa Boston alimaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406, yaani mipigo safi minne hivi katika kila majaribio kumi, na tangu hapo hakuna mwingine aliyefikisha .400 katika Ligi ya Amerika wala Ligi ya Taifa ya Marekani. Kijana anayeingia uwanja wa besiboli wa Azania, pale Upanga, Dar es Salaam, bila kuijua hesabu hii, atadhani kila mpira uliompita ni aibu. Kwenye soka unaweza kujificha dakika ishirini na mtu asikuone. Hapa unasimama peke yako, gongo mkononi, na uwanja mzima unakutazama.

Ndiyo maana makocha wengi hukimbilia maneno: "Jiamini! Usiogope!" Nia ni njema, ila dawa yenyewe ni hafifu. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika kazi yake ya 1977, alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka sehemu nne: kufanikiwa mwenyewe, kumwona mtu wa rika lake akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyousoma mwili wake mwenyewe, kama vile mapigo ya moyo na jasho la viganja. Yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Mtoto anajiamini kwa sababu ana ushahidi, na ushahidi huo hupatikana mazoezini.

Kwa hiyo panga mazoezi kama ngazi. Anza na mpira uliowekwa juu ya kigingi, usawa wa kiuno, mipigo 20. Kisha mrushie mpira wa tenisi kutoka ubavuni, hatua tatu hivi, kwa mkono wa chini. Halafu kutoka mbele, mita 8. Kisha mita 14. Mwisho umbali kamili wa mita 18.44. Kanuni tunayopendekeza ni rahisi: akigusa mipira saba kati ya kumi, apande ngazi, akigusa chini ya minne, ashuke bila maneno mengi. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kumpeleka mtoto wa wiki ya pili moja kwa moja mbele ya mrushaji mwenye kasi kuliko wote. Mpira wa kilomita 90 kwa saa humfikia kwa takriban sekunde 0.7. Hatauona, na atakachoondoka nacho ni ushahidi kwamba hawezi.

Hofu ya kugongwa nayo isipuuzwe. Mpira wa besiboli una gramu 142 hadi 149 na ni mgumu; kuuogopa ni akili, si woga. Watoto wetu wengi, wasichana hasa, wamekulia kwenye rede, mchezo ambao sifa yake yote ni kuukwepa mpira. Mwili uliozoea kuruka pembeni hauwezi kubadilika kwa kuambiwa "simama hapo hapo". Mfundishe kugongwa. Mpira ukimjia, ageukie upande wa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, aingize bega la mbele ndani, akunje kidevu kifuani, ashushe gongo, mgongo ndio uupokee. Mrushie mipira ya tenisi kumi, polepole, kila siku ya mazoezi, akiwa amevaa helmeti. Akishajua la kufanya mpira ukija vibaya, hana tena sababu ya kuanza kurudi nyuma kabla haujarushwa.

Sasa tuje kwenye zile sekunde kati ya mpira mmoja na mwingine, maana mechi nyingi huharibikia hapo. Tangu 2023 ligi kuu ya Marekani humpa mrushaji sekunde 15 za kurusha mpira pasipokuwa na mkimbiaji kwenye besi, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Zinatosha kwa mambo matatu. Kwanza, mpigaji atoe mguu mmoja nje ya boksi, lile eneo lililochorwa anaposimama kupiga, na aachane na kilichopita kwa tendo la mkono: akung'ute vumbi, au afungue na kufunga glavu. Ken Ravizza, mshauri wa akili aliyefanya kazi na wachezaji wengi wa Marekani, alitumia choo kidogo cha mfano ili mchezaji "avute maji" na kosa liondoke. Pili, avute pumzi kwa puani akihesabu nne, aitoe kwa mdomo akihesabu sita, macho yakiwa kwenye alama moja ya gongo. Pumzi ya kutoka iwe ndefu, kwa sababu moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi. Tatu, neno moja, kisha arudi ndani.

Neno hilo liseme la kufanya: "Ona." "Mapema." Lisiwe "usikose". Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe walizidi kumkumbuka. Kijana anayejiambia "usikose" amekwisha kukosa kichwani.

Utaratibu huu hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuutumia siku ya mechi tu. Ufanyike kabla ya kila mpira wa mazoezi, hata ule wa kwenye kigingi. Ya pili ni kocha anayepiga kelele kutoka pembeni: "Kiwiko! Goti! Kichwa chini!" Tendo lililozoeleka huvurugika mtu anapoanza kulisimamia kiungo kwa kiungo. Rick Ankiel, mrushaji wa St. Louis, akiwa na miaka 21, tarehe 3 Oktoba 2000, alirusha mipira mitano iliyopotea kabisa, mdakaji asiweze kuizuia, katika kipindi kimoja cha mtoano. Kipaji alikuwa nacho tele, lakini urushaji wake haukutengemaa tena, na mwaka 2007 alirejea ligi kuu akiwa mlinzi wa eneo la nyuma la uwanja, si mrushaji tena. Kijana akikuambia, "Kocha, mkono umekataa leo," usimwongezee mafunzo ya kiwiko. Mpe shabaha: glavu ya mdakaji, basi.

Presha nayo hufanyiwa mazoezi. Dakika tano za mwisho, washa singeli kwa sauti ya juu, wenzake wote wajipange wakitazama, kila mmoja apate mpira mmoja tu. Aliyekosa aokote mipira. Asipigwe viboko wala kupigishwa pushapu. Mchezaji anayeadhibiwa kwa kukosa hujifunza haraka kwamba usalama uko katika kutojaribu. Utamwona amesimama na gongo begani mpaka straiki ya tatu, yaani mpira mzuri wa tatu ambao hakuupiga na unaomtoa, inampita. Ukiona wachezaji watatu wa timu moja wanafanya hivyo, chunguza adhabu zako kabla ya kuchunguza mioyo yao.

Wazazi, swali la kwanza njiani kurudi nyumbani lisiwe "umepiga ngapi?" Uliza mpira gani aliuona vizuri. Na Februari ya Dar, joto likiwa limekaza, hakikisha maji yapo kila baada ya dakika 15 au 20; mtoto mwenye kiu hupoteza umakini, nasi tukadhani amekata tamaa.

Yapo yasiyotibiwa uwanjani. Kijana akikosa usingizi, akakataa chakula, akajitenga na rafiki zake kwa wiki mbili mfululizo, acheni habari za mechi na mpelekeni kwa wataalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili wapo. Akitamka habari za kujidhuru, aende siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.