Mwenzio akishindwa kuacha tramadol: maswali na majibu

Swali: Mume wangu ni dereva wa bodaboda hapa Tanga. Alivunjika mguu, akaandikiwa tramadol. Mfupa umeshaunga, lakini bado anainunua. Je, amekuwa mraibu?

Jibu: Huenda. Tramadol imo katika kundi moja na mofini na heroini, na mwili huizoea hata kwa mtu aliyeanza kuimeza kwa maumivu ya kweli. Kidonge kilichomtosha mwanzoni hakimtoshi tena, na akikikosa hutokwa jasho, pua humtiririka, huharisha na hukosa usingizi, hali ambayo vijana huiita arosto. Mazoea hayo ya mwili peke yake hayatoshi kumwita mtu mraibu. Uraibu hudhihirika pale anapoficha vidonge, anapozunguka famasi baada ya famasi bila cheti cha daktari, na anapoendelea kumeza huku akiona kwamba pesa ya hesabu ya siku inaishia huko.

Swali: Nimefikiria kuvitupa vidonge na kumfungia chumbani mpaka arosto ipite.

Jibu: Usifanye hivyo, ingawa najua ndivyo jamaa wengi wanavyoshauri. Kuacha tramadol ghafla huweza kuleta hofu kali, kuchanganyikiwa, hata kuona visivyokuwapo. Zaidi ya hapo, mtu aliyekaa siku kadhaa bila dawa mwili wake hauihimili tena kama zamani. Akitoroka na kumeza dozi aliyoizoea, hasa pamoja na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi), anaweza kuacha kupumua. Kwa kawaida daktari huipunguza dozi hatua kwa hatua. Kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 50, na anayepita hapo yumo katika hatari ya degedege.

Swali: Hakubali kwamba anaumwa. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia mguuni. Wengi wanaokataa kutibiwa uraibu hukubali kutibiwa maumivu, na hiyo si hila, kwa sababu mguu huenda bado unamuuma na unahitaji tiba nyingine. Zungumza naye mkiwa wawili, ametulia, wala si mbele ya shemeji na wakwe. Taja ulichokiona bila kumwita teja: “Baba Asha, juzi usiku ulitetemeka mpaka alfajiri. Twende hospitali ya Bombo pamoja, mguu uangaliwe upya.” Chukua paketi zote, hata zilizo tupu, ili daktari ajue kipimo alichofikia. Hospitali ya Bombo ina kliniki ya methadoni, tiba iliyolengwa hasa kwa watumiaji wa heroini. Kama inamfaa mumeo, daktari ndiye ataamua. Ushauri hupatikana pia bila malipo kwa kupiga 119, simu ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Swali: Kaka zake wanataka apelekwe sober house, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha dawa.

Jibu: Aonwe na daktari kwanza. Kisha ulizeni kama nyumba hiyo imesajiliwa na kama ina mhudumu wa afya. Mkikuta watu wamefungwa minyororo, rudini naye nyumbani.