Volti 40 na volti 36 ni betri ile ile

Nimetumiwa tena picha ya msumeno wa mpini mrefu, ule wa cheni na betri wa kukatia matawi ukiwa chini, kutoka Kariakoo, na chini yake swali lile lile: "Kaka, huu ni wa volti 40, wako ni wa 36. Si huu ndio wenye nguvu?" Hapana. Na kwa kuwa kila mwezi kuna fundi bustani mwenzetu anayemwaga akiba yake kwa kuamini namba hiyo, leo naiandika yote.

Betri ya lithiamu ni seli kadhaa zilizofungwa pamoja. Seli moja ya hizi za kwenye zana zetu huhesabiwa volti 3.6. Ikitoka kwenye chaja imejaa inafika 4 na kidogo, halafu inashuka mara tu cheni inapoanza kula mti. Panga seli 10 kwa mfuatano: ukizidisha kwa 3.6 unapata 36, ukizidisha kwa 4 unapata 40. Mtengenezaji mmoja anabandika 36, mwingine anabandika 40 na kuongeza kwa maandishi madogo kwamba hicho ni kiwango cha juu. Seli ni zile zile 10. Kwa 18 na 20 ni hivyo hivyo, zote ni seli 5. Makita wana zana zinazobeba betri mbili za volti 18, zikiungana zinatoa 36, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hizo ni dhaifu kwa sababu hazikufika 40.

Namba ya kutafuta ni Wh (wati-saa), yaani akiba ya umeme iliyomo kwenye betri. Chukua volti, zidisha kwa Ah (ampea-saa). Betri ya volti 36 yenye Ah 5 ina Wh 180. Ile ya kwenye picha, yenye "40" kubwa ya rangi nyekundu, ni ya Ah 2.5. Ihesabu kwa 36: Wh 90. Betri ya volti 18 yenye Ah 5, hii tunayochomeka kwenye drili, nayo ina Wh 90. Kwa hiyo ukilipa zaidi kwa ajili ya "40" ile, umenunua akiba ya umeme sawa na ya drili.

Lakini msiende upande wa pili mkasema volti hazina maana, maana hilo nalo nimelisikia. Kwa nguvu ile ile, volti zikiwa chini mkondo unapanda, na mkondo ndio unaopasha moto seli na nyaya. Mpe msumeno wa volti 18 mvinje uliokauka, tawi nene kama paja, kwenye jua la saa nane: betri inachemka, elektroniki inakata umeme, na wewe umebaki na cheni imebanwa juu. Kwa kazi ya kila siku mimi nachagua 36, kwa sababu hiyo tu. Wh zinakuambia utakata mpaka saa ngapi. Nguvu ya papo kwa papo inategemea mota na kiasi cha umeme ambacho elektroniki inairuhusu kuvuta. Hayo ni mambo mawili, na lebo ya mbele ya boksi haikuambii hata moja.

Uzito, sasa. Kila mtu anauliza kilo ngapi, hakuna anayeuliza kilo hizo ziko wapi. Shika mpini umelala, mkono wa mbele ukiwa sentimita 75 kutoka ule wa nyuma. Kilo moja iliyoongezwa kwenye ncha, mita 3 kutoka mkono wa nyuma, inautwisha mkono wa mbele kilo 4. Ndiyo maana msumeno wenye mota nyuma unaweza kuwa mzito kwenye mizani na bado ukamaliza nao siku, ilhali ule mwepesi wenye mota kichwani umekuua mabega kabla ya chai. Dukani usiunyanyue ukiwa umefungwa. Urefushe wote, weka betri, uelekeze juu, usimame nao dakika tano. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili.

Na "mita 5" ya kwenye boksi mara nyingi imejumlisha kimo chako na mikono iliyonyooshwa. Pima mpini kwa futi kamba.

Ya haraka haraka: nunua msumeno ambao cheni yake inapatikana mjini kwako, pamoja na tupa yake (cheni nyingi za kipimo cha inchi 3/8, zile nyembamba, hutaka tupa ya milimita 4). Betri haiondoi haja ya oili ya cheni, na oili chafu ya gari ina vumbi la chuma, inaua pampu na kudondokea sakafu ya mteja. Zana iliyotoka Marekani, soma chaja kwanza: ikiandikwa 120 peke yake, soketi zetu za 230 zitaiunguza. Makuti ya mnazi yaache kwa panga. Nyuzi zake zinajisokota kwenye gia. Betri usiiache kwenye gari juani.

Nyaya za umeme siziwekei haraka. Watu wanaona hakuna waya wa kuburuta, hakuna mngurumo, wanadhani chombo hiki ni salama. Mpini wa alumini unapitisha umeme, wa kaboni pia. Vipo vitabu vya maelekezo vinavyotaka mita 15 kutoka kwenye nyaya. Tawi likiwa limeegemea waya, hiyo ni kazi ya TANESCO, hata mteja akiongeza pesa.

Jambo linalonisumbua bado ni lile vitabu vinalochora kwa urahisi mno: kata nje kidogo ya shingo ya tawi, pale panapovimba linapoungana na shina. Ukiwa chini, cheni iko mita 4 juu, unaona tumbo la tawi peke yake. Shingo huioni. Hata ukianza na mkato wa chini ili gome lisichanike, na ukiondoa uzito kwanza, mkato wa mwisho mara nyingi unaacha kisiki, na kisiki kinaoza. Kutwaa msumeno mrefu zaidi hakusaidii, kwa sababu ncha inayumba zaidi. Kwa miashoki ya uzio nakubali kisiki kifupi. Kwa mwembe ambao mwenye nyumba anautegemea kwa matunda, naweka ngazi, nafunga kamba, nasawazisha kwa msumeno wa mkono, na muda huo nauandika kwenye bei.